Neno Lililoondolewa Barabara ya Ruiru

Kwa furaha kubwa, serikali ilitangaza mwezi wa Machi 1955 kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu wa Thika atakayezuiwa kwenda Ruiru. Boriti ya kizuizi ingebaki barabarani, pamoja na askari wake wanne na bunduki zao. Kilichoondolewa ni neno "kuzuiwa".

Kazi ya kuliondoa alipewa Kisilu, karani mtafsiri wa Idara ya Maneno Mema. Aliifanya kwa bidii, maana cheo cha karani mkuu kilikuwa wazi. Asiye na pasi ya kusafiria akaitwa "msafiri aliyeahirishwa". Aliyekamatwa "alipewa hifadhi". Ule mstari mrefu pale kizuizini ukawa "Baraza la Wanaosubiri".

Mkuu wake, Bwana Thornley, aliridhika sana. Jumatano wangekuja wajumbe watatu kutoka ng'ambo, kwa sababu magazeti ya kwao yaliandika kwamba watu hapa hawaruhusiwi kutembea katika nchi yao wenyewe.

Jumanne Kisilu alienda kulifundisha baraza namna ya kujibu. Mbele kabisa aliketi Wangeci, muuza maharagwe, ambaye binti yake alikuwa amejifungua kule Gitothua, Ruiru. Hiyo ilikuwa siku yake ya tisa kuomba pasi.

"Mama, wakikuuliza kama umezuiwa, sema umeahirishwa."

"Hii! Na mtoto naye ameahirishwa kuzaliwa?"

"Sema tu, mama. Ni mambo ya siasa za nje."

"Nje gani? Mimi naenda hapa Ruiru."

Kisilu alicheka, kisha akageuka upesi kuona kama kuna aliyemsikia. Usiku ule aliyarudia peke yake maneno ya yule mama.

Jumatano wajumbe walifika kutoka hoteli ya maporomoko ya Chania, wameshiba vizuri. Bwana Thornley akapanda juu ya sanduku, akahutubu kwa Kiingereza chake kirefu. Kisilu alitakiwa kuyalainisha maneno hayo kwa Kiswahili. Akamtazama Wangeci, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akatafsiri kilichosemwa:

"Bwana anasema hakuna aliyezuiwa. Anayekaa hapa amependa mwenyewe."

Wangeci akainuka, akajitwika kikapu.

"Mimi sijapenda," akasema, akainama kupita chini ya boriti.

Askari akamtazama Bwana Thornley. Bwana Thornley akawatazama wajumbe. Wajumbe walikuwa wakiandika.

"Fungua," Bwana Thornley akasema, meno yote nje.

Boriti ikapanda. Watu zaidi ya mia mbili wakamwagika barabarani, wengine mbio. Kabla ya saa kumi Wangeci alikuwa amempakata mjukuu wake.

Mjumbe mzee akamshika Bwana Thornley mkono kwa nguvu. Hajapata kuona, alisema, afisa anayefungua njia bila kungoja amri ya Nairobi. Angemsifu kwa jina, gazetini.

"Si lazima jina," Bwana Thornley akanong'ona, damu imemwisha usoni.

"Ni lazima! Linaandikwaje?"

Kisilu, karani mtiifu, akasogea mbele akamtajia mjumbe herufi moja moja, bila kuharakisha.