Upole wa Fundi Makochi

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Sijui nianzie wapi. Jana ibadani, wimbo umenoga, mpiga kinanda akausimamisha. Akaomba kwa kipaza sauti eti ndugu wa benchi la tatu apunguze sauti kidogo. Ndugu wa benchi la tatu ni mimi! Watu wakageuka. Mtoto akacheka. Nikarusha kitabu cha nyimbo. Nililenga sakafu, naapa. Kikatua juu ya kinanda, kikapiga kelele ya ajabu. Nikaendelea kufoka mpaka mzee wa kanisa akanishika mkono kunitoa nje.

Mke wangu alitangulia mbele njia nzima. Nyumbani akanipakulia chakula, akasema amechoka kuinamisha kichwa kwa ajili yangu. Jumapili atakaa na akina mama. Tangu tuoane tumekaa pamoja. Sikula.

Jumanne, 5 Machi
Mchungaji kaniita. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Kasema niende kwenye kikundi cha maombi sebuleni kwa mama mkunga, watu wanaosaidiana mambo ya moyo: hasira, wivu, huzuni. Utaratibu wao: ukikasirika unafunga mdomo, unaomba kimoyomoyo, unampigia mwenzako simu. Na kabla jua halijazama unamwendea uliyemkosea, unamshika mkono.

Nimshike mkono mpiga kinanda? Mimi? Jua limezama zamani, nashukuru.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kikundini. Muuza mkaa alilia mbele yetu sote kwa sababu alimfokea mwanawe. Wakamwombea, wakamshika mabega, akatulia. Ilipofika zamu yangu nikasema mimi sina hasira, nina sauti kubwa ya kuzaliwa. Mama mkunga akaniongezea chai kwa upole ambao ulinichoma.

Halafu springi ya kochi nililokalia ikanichoma kweli. Kochi lile nimelitengeneza mimi! Nikalipiga ngumi. Wote wameona.

Njiani wazo likanijia. Mke wangu haamini tena maneno, ataamini macho. Anatakiwa anione nimetukanwa nikatabasamu. Na wa kunitukana yupo.

Jumamosi, 9 Machi
Rafiki yangu kinyozi amekubali. Kesho ibada ikiisha atanivamia getini, mke wangu akiwa karibu, aseme makochi yangu yanabonyea na mimi ni tapeli. Nitamkumbatia, niseme Mungu akubariki ndugu yangu. Basi. Kinyozi akauliza kama anaweza kuongeza la kwake. Nikamkataza kabisa: makochi tu! Tumefanya mazoezi kibandani kwake, mteja akiwa na povu kidevuni. Mteja alitokwa na machozi, ama ni sabuni.

Jumapili, 10 Machi
Ee Mungu, ardhi ipasuke nidumbukie.

Nilikaa peke yangu benchi la tatu. Ibada ikaisha, nikasimama getini, mke wangu hatua chache kutoka nilipo. Kinyozi haonekani. Mara mpiga kinanda huyo, kavimba, akasema kitufe kimoja cha kinanda hakilii tena tangu nirushe kitabu, na sijaona haja hata ya kumwomba radhi. Nikaelewa papo hapo: kinyozi amebanwa na wateja, kamtuma huyu! Kinyozi ana akili! Nikatabasamu. Nikamkumbatia mpiga kinanda, nikamwambia Mungu akubariki ndugu yangu.

Maskini, aliganda. Halafu akanikumbatia naye, kwa nguvu, akasema amekuwa akiliombea jambo hili wiki nzima. Nikawaza, anaigiza vizuri kuliko kinyozi. Mama mkunga akafuta macho. Mke wangu akaja, akapitisha mkono wake kwenye wangu. Raha ile siwezi kuiandika.

Ndipo kinyozi akatokea mbio, taulo begani. Akatangaza makochi yangu yanabonyea, mimi tapeli. Nikatabasamu, ingawa nilishangaa anarudia kazi iliyokwisha. Kisha, muungwana yule, akaongeza la kwake: eti nikiimba, malaika wanaziba masikio.

Nikalipuka. Nikafoka kwamba tulikubaliana makochi tu, sauti haimo! Na kama alishamtuma mpiga kinanda, yeye alikuja kufanya nini?

Kinyozi akasema hakumtuma mtu.

Mkono wa mke wangu ukatoka taratibu. Sura ya mpiga kinanda sitaki kuikumbuka. Naikumbuka.

Jumatatu, 11 Machi
Niliapa sirudi kikundini, kikundi kikaja karakanani kwangu. Nilipowaona nikajificha nyuma ya kochi la mteja. Mama mkunga akaisalimu miguu yangu, ilikuwa nje.

Mpiga kinanda naye alikuwepo. Hakufoka. Alisema jana alifika nyumbani akamwambia mama yake, ambaye ni mgonjwa, kwamba tumepatana, na mama akafurahi sana. Sasa hajui amwambie nini.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikalia. Si kulia kwa heshima, kulia kwa kamasi. Nikamshika mkono, nikamwambia nimekosa. Wakaniwekea mikono mabegani, mama mkunga akaomba kwa maneno machache. Moyo ukatulia kweli. Sijui lini mara ya mwisho ulitulia hivyo.

Kumbe mke wangu alikuwa mlangoni muda wote. Akasema Jumapili nisimame mbele ya watu, niseme nisameheni, nikae. Neno hilo tu. Nikifanya hivyo atakaa benchi la tatu. Lakini akiona mchezo mwingine, atabaki na akina mama moja kwa moja.

Jumamosi, 16 Machi
Nimefikiri sana. Kusimama na neno moja tupu naona aibu. Watu wa nyuma hawatajua kama nimeguswa. Na machozi ya Jumatatu yalikuwa mazuri mno kupotelea karakana. Asubuhi nimejaribu kuyarudisha mbele ya kioo. Hayaji.

Kwa hiyo nimekata kitunguu, nimekifunga kwenye leso. Kinyozi atakaa benchi la nyuma yangu, akikohoa tu najua ni wakati wa kujifuta. Nimemkanya vikali: kukohoa basi, asiongeze la kwake.

Amekubali upesi sana. Bwana ni mwema.