Ndoo Nne za Chokaa

Jumatatu, 3 Machi

Redio imesema mataifa makubwa yameshikana mashati, meli za ngano zimekwama, na kila kaya ijiweke tayari. Mke wangu akazima redio. Akaniomba nisianze. Nimeshaanza!

Jioni mama mkwe alituma ujumbe: maduka yakifungwa na mabomba yakikauka, hawezi kubaki peke yake. Atahamia kwa mkwe aliyejiandaa vizuri zaidi. Wakwe tuko wawili. Mimi, mchora mabango. Na mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu, karani wa bohari. Ana jenereta! Miaka kumi na moja sasa, mama mkwe akisifu wakwe zake, anaanza na yeye. Mara nyingi anaishia hapo hapo.

Baadaye nilimwona mke wangu jikoni akijifuta macho. Anamtaka mama yake hapa. Basi mama atakuja hapa, nife nipone.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua unga wa ngano, maharage, sukari kilo ishirini na mishumaa dazeni mbili. Sijashusha mzigo, mwanyumba huyu hapa. Eti anapita kutusalimia. Macho huku na huku kama mkaguzi. Akataka kujua unga wote ule wa nini. Nikamwambia ni wa gundi ya kubandikia matangazo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaondoka na mishumaa yangu sita, maana jenereta limegoma kuwaka.

Bure kabisa, yule mtu. Mshumaa mmoja mmoja aliuchagua kwa makini.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Watu wakiona chakula wataomba. Wakiona vifaa vya ujenzi watapita zao. Karakanani nina ndoo mpya ambazo hazijatiwa rangi. Nimemimina unga wote humo, ndoo nne, nikaziandika CHOKAA NYEUPE BORA. Herufi zenye kivuli, mstari mwekundu chini, hata nembo ya kiwanda ambacho hakipo duniani. Kazi safi! Nikazipanga chumba cha wageni.

Mke wangu sijamwambia. Nampenda sana, lakini hana kifua.

Alhamisi, 6 Machi

Zoezi la dharura. Nimefunga maji ya nyumba nzima bila kutangaza, ili nione familia itafanyaje. Familia ilikuwa bafuni, imejaa sabuni kichwani. Maneno aliyoniambia mke wangu siyaandiki hapa. Akiba ya maji niliyojaza kwenye pipa ilikuwa imevuja tangu asubuhi.

Zoezi limefaulu nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nicheke au nilie.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi, nikakuta mama mkwe yumo ndani. Mke wangu alimwachia ufunguo aje akague. Brashi mkononi, madoa meupe mpaka kwenye nyusi. Chumba cha wageni cheupe pe!

Akasema mwanyumba alimwonyesha jenereta, akamwonyesha na kitabu cha orodha ya vitu vyake, lakini chumba alichomtengea kina ukungu kuta zote. Mimi, bila kuambiwa na mtu, nimemnunulia chokaa ndoo nne! Akaona asinisubiri nichoke bure, akaipaka mwenyewe. Ilimsumbua kidogo kwa mabonge, lakini alipoichemsha ikashika vizuri ajabu. Amemaliza zote.

Zote nne!

Anahamia kwetu. Mke wangu alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane. Nilifurahi kupita kiasi. Nikatabasamu, nikazikusanya ndoo tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanyumba amekuja kutuletea masanduku ya mama, kanuna tangu mlangoni. Akanusa ukuta. Akasema mbona chumba kinanukia mkate. Nikamwambia ni chokaa ya ng'ambo, wanaoijua wanaijua. Akaniomba jina la duka! Nikajibu kwa huzuni kwamba kwa vita hivi haipatikani tena. Ah, siku tamu hii.

Mke wangu naye akauliza unga niliuficha wapi. Nikamwambia uko salama, haujatoka nje ya kuta za nyumba hii. Sikusema uongo.

Jumapili, 9 Machi

Redio inasema wakubwa wamekaa mezani, meli zimeanza kutoka. Wanatutuliza tu, hawanipati. Sukari bado ninayo yote, na unga umenipa somo. Kosa langu lilikuwa kuandika kitu ambacho watu wanakihitaji! Ukitaka mali isiguswe, andika kitu cha kutisha.

Kwa hiyo mchana nimeimimina sukari kwenye ndoo tatu mpya. DAWA YA SISIMIZI. Fuvu jekundu, mifupa miwili, na chini yake: NYUNYIZA KWA WINGI PEMBE ZOTE ZA CHUMBA. Sijawahi kuandika vizuri hivi. Nimezipanga kwenye korido, nje ya mlango wa mama mkwe.

Yeye alinijia jioni akilalamika sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kitandani, hajui wanafuata nini. Nimemwomba avumilie, hili nitalishughulikia. Kesho mimi na mke wangu tutashinda kazini, atabaki peke yake kulinda nyumba.

Kwa mara ya kwanza wiki hii, sina wasiwasi.