Benchi la Watu Wawili

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2024

Mpango umeanza leo, kabla ya kengele ya kwanza.

Jana Mama Albertine, anayetufundisha watoto kanisani, alisema Mungu si wa Jumapili tu. Alisema tumkaribishe katika mambo madogo tunayochagua kila siku: unamsalimu nani, kisimani unangoja zamu au unapenya, darasani unakaa na nani. Wengine walisikia yote matatu. Mimi nilishika la mwisho.

Benchi langu ni la watu wawili. Tangu Estelle ahamie mtaa wa Golf, baba yake alipopata kazi mgodini, upande wa kulia hauna mtu. Wiki tano sasa. Aliahidi kuniandikia kwenye simu ya Mama. Simu ya Mama haina kasoro. Nimeikagua.

Basi upande wa kulia nimempa Yesu. Siweki mfuko wangu pale. Napapangusa kwa kitambaa kila asubuhi. Akikaa karibu hivyo ataona mwenyewe jinsi ninavyohitaji rafiki, na sala yangu ya kila jioni itakwenda haraka zaidi.

Falonne, anayekaa mbele yangu na Chileshe, na anayejua mistari ya Biblia mingi kuliko inavyopendeza, aliuliza nampangusia nani. Nilisema ni vumbi tu. Akamwambia Chileshe kwamba napangusia pepo. Nimemsamehe. Imenichukua hadi saa sita.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Naendelea vizuri. Nilikata andazi langu vipande viwili, kimoja nikakiweka kulia juu ya karatasi safi. Mwalimu Clément aliuliza hicho ni cha nani. Nikasema cha mtu ambaye yupo. Akauliza kama nyumbani tunalala vizuri.

Nikainama kunakili ubao. Nilipoinua kichwa, kipande hakipo.

Kwa dakika moja nzima niliamini. Halafu nikaona sukari mdomoni mwa Falonne. Hakukana. "Mwenyewe hataki, miye nakula," alisema.

Jaribio la hesabu: nne juu ya kumi. Sikutarajia majibu kutoka upande wa kulia, hilo lingekuwa dhambi. Nilitarajia kikohozi kidogo tu kwenye swali la tatu.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Leo limekuja jaribu kubwa. Nimelishinda.

Msichana mpya. Anaitwa Joëlle, ametoka Kolwezi, anaishi kwa shangazi yake karibu na karakana za wachomeleaji. Zipu ya mfuko wake imeharibika, kwa hiyo anaushika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mwalimu alimwambia atafute nafasi. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Akaja moja kwa moja kwangu, akitabasamu. Hakuna aliyenitabasamia hivyo tangu Septemba.

"Iko muntu hapa?"

Nilitazama upande wa kulia. Safi kabisa.

"Iko," nikasema.

"Iko wapi?"

Nikamjibu kwamba amekwisha kukaa. Joëlle alilitazama benchi, akanitazama mimi, akasema pole kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita penye msiba. Falonne akasogea. Sasa kule mbele wanabanana watatu.

Nilijivunia hilo. Mtu mwingine angemwondoa Bwana kwa ajili ya tabasamu.

Jioni bukari, ugali wetu, haikushuka. Mama aliuliza kama naumwa. Nilisema hapana, nimeshinda.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Wakati wa mapumziko wasichana walicheza nzango, kuruka na kupiga makofi, wawili wawili wakitazamana. Joëlle alisimama mlangoni akaniita kwa mkono. Miguu yangu ilikuwa imeshasimama. Lakini mimi ndiye niliyemwomba Bwana akae, na sikujua kama inaruhusiwa kumwacha peke yake darasani.

Nikabaki. Nilimweleza habari za Estelle tangu mwanzo, mpaka kengele. Ni mvumilivu sana. Hakuuliza swali hata moja.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Baada ya ibada nilimweleza Mama Albertine kila kitu. Alicheka. Kisha akaacha, akanishika mkono. Aliuliza siku zote hizi naomba nini. Nikasema rafiki. Aliuliza ni nani aliyetaka kukaa. Nikasema Joëlle. Akaningojea. Nami nikamngojea yeye.

Mwishowe akasema, "Mutoto yangu, Bwana hakamate nafasi ya muntu. Ulimuomba rafiki, akakutumia. Weye ukamufukuza."

Nimelia kidogo nyuma ya kanisa, pamoja na madumu ya maji. Halafu nikafurahi. Kesho Joëlle atakaa kulia. Nimepiga sketi pasi mara mbili.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Nilimwambia Joëlle kwamba nafasi ipo. Aliuliza, kwa heshima, mgeni wangu amekwenda wapi. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kusema ameondoka ni kumkana, na Petro alijuta. Nikasema bado yupo, ila tutasogeana.

Alicheka, akakaa. Kwa saa nzima nilikuwa msichana mwenye jirani. Aliniazima rula. Bega lake lilikuwa na joto.

Kisha nikaona kwamba katikati yetu hapakuwa na nafasi hata ya daftari, sembuse ya Bwana. Nilimwomba asogee kidogo. Akasogea. Saa ya pili nikamwomba tena. Nusu ya sketi yake ikawa hewani. Alidhani nacheza, mpaka alipoona sichezi. Somo la jiografia lilipoanza, aliuchukua mfuko wake kwa mikono miwili.

"Mulenga," alisema polepole, "hii benchi yako iko na bantu mingi."

Akarudi mbele. Falonne alisogea kumpisha. Wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na kosa nimeliona. Joëlle ni mwema, lakini hakusema kama ametumwa. Na mimi sikumuuliza. Tena hakukuwa na mipaka.

Mwalimu Clément ametangaza kwamba keshokutwa anakuja mwanafunzi mwingine, kutoka Likasi. Safari hii nimejiandaa. Nimechukua chaki nikaligawa benchi sehemu tatu: yangu, ya Bwana katikati, na ya mgeni. Nimeandika pia maswali matatu ya kumuuliza kabla hajakaa. La kwanza ni nani amemtuma.

Nimeijaribu sehemu yangu. Inatosha, nikiinua mguu mmoja. Ya mgeni ni nyembamba zaidi, kwa sababu nilianza kupima upande wangu. Haidhuru. Atakayekuwa ametumwa kweli atakuja mwembamba.