Soksi za Viti Haziuzwi Hapa

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya kihistoria. Niandike kwa mwandiko mzuri, maana wajukuu watasoma.

Mke wangu ametangaza vita asubuhi, mswaki ungali mdomoni. Mama yake anahamia kwetu mwisho wa mwezi. Nikasema jambo jema. Akasema atalala kwenye chumba changu cha kufumia. Jambo baya! Chumba kile ndicho makao makuu ya duka langu la mtandaoni. Mna mafurushi ya uzi wa sufu, sindano zangu za kroshia, kiti cha majaribio, na utulivu. Nikamwuliza duka litahamia wapi. Akaniuliza duka lipi.

Ikabidi nimkumbushe. Ninauza soksi za viti. Zimefumwa kwa mkono, za kuvisha miguu ya viti, ili mtu akivuta kiti kisikwaruze sakafu wala kisipige kelele. Hakuna mwingine mjini anayeziuza. Mke wangu akasema huenda kuna sababu. Akasema tena kwamba tangu nifungue duka nimepata mteja mmoja tu, dada yangu mkubwa, naye alirudisha soksi moja kwa kuwa stuli yake ina miguu mitatu.

Tumeafikiana hivi. Nikipata oda za kweli kabla mama mkwe hajahamia, tena kutoka kwa watu wasio ndugu, chumba kinabaki changu. Nisipopata, natoka na mafurushi yangu. Nikakubali palepale, kifua mbele. Jioni nimejiandikisha kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya wikendi hii. Mke wangu hajui anacheza na nani.

Jumatano, 6 Mei

Mpango umeiva. Wenzangu wote huenda maonyeshoni kuuza. Makosa makubwa! Mtu akinunua mezani, anatia kwenye mfuko, anakwenda zake, anakusahau kabla hajafika mlangoni. Mimi nataka aingie dukani, mtandaoni, aone kila kitu. Kwa hiyo maonyeshoni sitauza hata soksi moja. Nitawaonyesha. Nitawaacha wapapase. Mate yakianza kuwatoka, nitawapa kadi yenye anwani ya duka na kuwaaga. Watafika nyumbani, watakosa usingizi, wataagiza.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza, mtu akija na pesa mkononi, anataka soksi, na soksi iko mbele yake, simuuzii? Nikasema simuuzii. Akaenda kuanua nguo.

Mchana nimefuma huku namtazama Mama Mishumaa kwenye simu. Huyu ni mwanamke anayetengeneza mishumaa ya harufu, na mwaka jana alinyakua tuzo ya meza bora iliyokuwa yangu kwa haki. Sasa ana wafuasi wengi kama siafu. Ametangaza kwamba naye atakuwepo, na kila mnunuzi atapewa kashumaa ka bure. Ka bure! Hongo ya wazi wazi. Nikifuma na hasira mkono unakaza uzi, na soksi za leo zimetoka finyu, haziingii hata mguu wa kiti cha mwanasesere. Nimezipiga picha na kuziweka dukani chini ya jina la Toleo Maalumu.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya kwanza ya maonyesho. Ukumbi mkubwa, sakafu ya marumaru iliyosuguliwa hadi unajiona meno. Wamenipa meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo. Nzuri sana, kila mtu atapita. Na jirani yangu ni nani? Mama Mishumaa! Akanisalimu kwa bashasha, akaniita kaka. Nikaitikia kwa meno tu.

Nimepanga soksi kwa rangi. Pembeni nimeweka kiti cha majaribio, kimevaa soksi nyekundu. Juu yake bango la mkono wangu mwenyewe: HAZIUZWI HAPA.

Mpango umefanya kazi kuliko nilivyotazamia. Mama mmoja mwenye kitenge cha bluu alitaka seti tatu. Nikamnyima. Bwana mmoja mwenye fimbo akataka mbili, akasema mke wake hawezi kusikia redio kwa kelele za viti. Nikamnyima kwa huruma, nikampa kadi mbili. Vijana wawili waliofunga ndoa juzi wakabembeleza mpaka bibi harusi akakaribia kulia. Nikakaza roho. Kila niliyemnyima alikwenda kununua mshumaa.

Alasiri Mama Mishumaa alikuwa amebaki na meza tupu. Akaja, akaniambia kwa sauti ya kuuguza kwamba kama naona haya kupokea pesa, yeye anaweza kuniuzia. Akaongeza, pole kaka. Pole! Mimi! Nikamwambia nampa pole yeye, maana wateja wake wamekwisha na wangu ndio kwanza wanaanza.

Nyumbani binti yangu amefungua duka kwenye simu. Oda hakuna. Nikamwambia watu wanahitaji kwanza kula na kuoga. Mke wangu amepita na utepe wa kupimia, akaingia chumbani mwangu, akapima ukutani nafasi ya kitanda cha mama yake. Sikumtazama. Nimekunywa maji nikalala.

Jumapili, 10 Mei

USHINDI! Lazima niandike.

Asubuhi haikuwa nzuri, nikiri. Yule mama wa kitenge cha bluu alirudi na wenzake, wakaapa hawaondoki bila soksi. Nikawapa kadi. Wakanishtaki kwa mratibu wa maonyesho. Sisi wenye meza humwita Bwana Kipaza, maana kile kipaza sauti chake hakiachi, nadhani hulala nacho. Ni mtu wa kimo na uzito wake. Akaja amekunja uso, akasimama hatua moja kutoka puani pangu, akaanza kunigombeza ndani ya kipaza. Ukumbi mzima ukasikia. Kwamba haya ni maonyesho ya kuuza. Kwamba bwana wa soksi za viti anawanyima watu bidhaa. Kwamba soksi za viti ziko meza ya mwisho, karibu na choo, na ni aibu.

Haki ya nani, tangazo la namna hiyo nisingeliweza kulilipia maisha yangu yote! Watu wakaanza kumiminika.

Nikamjibu kwa heshima kwamba soksi hizi zapatikana dukani kwangu pekee, mtandaoni. Akasema upuuzi. Akasema hatoki hapo mpaka niuze, na ili nijue hatanii, akajitupa kwenye kiti cha majaribio.

Sasa. Sakafu ni ya marumaru. Soksi ni za sufu. Na Bwana Kipaza alijitupa kwa nguvu zake zote.

Kiti kikaondoka naye. Kikarudi kinyumenyume, laini, kikapita meza ya Mama Mishumaa, kikapita wauza vikapu, kikapita mfinyanzi aliyewahi kukumbatia mitungi yake, na njia nzima Bwana Kipaza ameshika kipaza mdomoni anaita mama yake. Kiti kilisimama kilipogusa mlango mkubwa. Kisha watu wakaangua kicheko, hata mfinyanzi, hata Mama Mishumaa aliyekuwa anafuta machozi kwa pindo la khanga.

Ndipo mwanamke mmoja mrefu akajisogeza mezani. Hakuwa anacheka. Akauliza kama nimeona alichokiona yeye: kiti kimekwenda ukumbi mzima na hakikutoa hata mlio. Ana mgahawa ghorofani. Chini yake anakaa mwenye jengo, ambaye kelele za viti zimemtoa akili, na ameupa mgahawa mpaka Jumamosi unyamaze au uhame. Akafungua mkoba. Alitaka soksi zote zilizokuwa mezani, na nyingine za viti vyake vyote.

Wasomaji wangu wa baadaye, ni hapa mwanamume hupimwa. Pesa nilikuwa naziona. Nikasema hapana, nikampa kadi.

Akanitazama kama mtu anayetazama ajali. Halafu akatoa simu, akiwa amesimama palepale, akaagiza. Mama wa kitenge cha bluu akaona, naye akatoa simu. Bwana wa fimbo akamwomba mjukuu wake amwagizie. Mstari ukaenda mpaka kwa wauza vikapu. Meza imejaa soksi, na watu wameizunguka wanaagiza soksi kwa simu! Hata Mama Mishumaa kaagiza seti, nimeliona jina.

Nimerudi nyumbani naimba. Nimemwonyesha mke wangu simu. Ameisoma mara mbili. Akasema hajui aseme nini, na mimi nikamwambia aseme tu kwamba chumba ni changu. Amesema, kwa shingo upande, lakini amesema.

Jumanne, 12 Mei

Soksi za mezani nimeshazituma zote, nusu yake kwa watu wale wale waliokuwa wamezishika mkononi. Zimebaki za mgahawa. Jana nimefuma kutwa, leo nimefuma kutwa. Nimekaa nikapiga hesabu ya mwendo wangu. Mgahawa utapata soksi zake karibu na mwaka mpya.

Zimebaki siku nne kufika Jumamosi. Mwenye mgahawa akihamishwa atafuta oda, oda ikifutwa chumba kimekwenda. Hesabu nimeikunja nikaitia chini ya godoro. Mke wangu kaniuliza mambo yanakwendaje. Nimemwambia kanyaga twende.

Jumatano, 13 Mei

Mama mkwe ametokea bila taarifa! Amekuja kuangalia chumba ambacho kilikuwa kiwe chake. Nimesimama mlangoni kumweleza kwamba hali imebadilika. Akanipita kama pazia.

Akaokota soksi moja. Akaivuta huku na huku. Akauliza mwenye kufuma hii alikuwa anagombana na nani. Akaokota nyingine, akauliza hii nayo, alikuwa analala? Nikamwambia kila moja ina tabia yake, huo ndio uzuri wa kazi ya mkono. Akasema kiti kikivaa tabia nne kitayumba, na mtu atamwagikiwa chai.

Kisha akataka kujua kama ni kweli kiti kiliteleza na mzee wa watu. Nikasema kwa fahari kwamba kiliteleza ukumbi mzima. Mama mkwe akashika kichwa. Akaniuliza, baba, unataka wateja wa mgahawa watoke na viti dirishani? Akatuma ziletwe kandambili kuukuu za nyumba nzima, akakata nyayo zake vipande vidogo vya duara, akashonea chini ya kila soksi. Tukajaribu. Kiti kikakaa, na kikivutwa hakilii. Kuteleza kote kumekwisha! Roho iliniuma. Ule ndio ulikuwa ufundi wenyewe.

Jioni amewaita wenzake watatu, wafumaji wa zamani. Wamekaa kwenye chumba changu, wamefungua madirisha yangu, wanafuma upesi kuliko ninavyoweza kutazama. Nimewatangazia kwamba mimi ndiye mkurugenzi. Mama mkwe akasema vizuri, mkurugenzi atuletee chai.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeshinda tena. Nimechoka kushinda.

Tumefikisha soksi mgahawani asubuhi, nikazivisha viti vyote mwenyewe kwa magoti. Watu wakajaa. Viti vikavutwa, vikasukumwa, mtoto mmoja akapanda kiti akashuka na kupanda tena. Kimya! Mwenye jengo alipanda ngazi kuja kuuliza kama mgahawa umefungwa. Mwenye mgahawa alinishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga. Nami yakanilengalenga, ingawa nilimwambia ni vumbi. Ameagiza na za meza.

Nyumbani mke wangu ametoa hukumu mbele ya wote. Nimetimiza sharti. Chumba kitabaki chumba cha kufumia, asiguse mtu. Nikapiga kofi mezani kwa furaha. Akaendelea. Kwa kuwa mfumaji mkuu wa duka ni mama yake, kitanda cha mama yake kitaingia humo humo, awe karibu na kazi. Na kwa kuwa wafumaji ni wanne na chumba ni kile kile, mimi nitahamia kwenye korido, kwenye stuli, kukata nyuzi zinazoning'inia.

Nimefikiria jambo hili kwa makini. Chumba kimebaki. Duka limebaki. Na sasa korido nayo ni yangu. Kwa hiyo eneo la duka limeongezeka.

Jumapili, 17 Mei

Kutwa nimekaa kwenye korido nikikata nyuzi na kuwaza. Kila anayekwenda bafuni ananiruka. Humo ndani wanacheka, mke wangu naye yumo, kumbe anajua kufuma. Maonyesho makubwa zaidi yanakuja mwezi ujao, na mama mkwe anasema safari hii tupeleke soksi nyingi na tuziuze. Tuziuze! Maskini, hajui biashara.

Mimi nimekwishagundua siri ya ushindi wangu. Niliuza sana kwa sababu niliwanyima. Basi kilichonipunguzia oda ni zile soksi mezani, ambazo watu waliweza kuziona. Bila soksi hamu ingekuwa mara mbili. Nimewaandikia waandaaji kuomba meza mbili za katikati ya ukumbi, na juu yake sitaweka kitu chochote.

Mke wangu ameuliza, sasa watu watakuja kuona nini?

Nimemwambia watakuja kuniona mimi.