Lita Elfu Sitini

Jumapili, tarehe 2 Machi

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja. Daktari amemwambia goti lake linataka mazoezi ya majini, nusu saa kila siku, miezi mitatu. Bwawa la hospitali limemshinda. Dawa yake inamchoma macho na kumwasha ngozi. Kwa hiyo atakaa kwa binti mmoja kati ya wawili, na mabwawa yapo mawili: langu, na la mwanyumba wangu. Huyu ni mume wa dada wa mke wangu. Anaishi mtaa wa pili na hajawahi kuingia kwangu bila kutazama dari akitafuta ufa.

Jumamosi mama ataanzia kwetu, aingize miguu majini. Yakimchoma, anakwenda kwa mwanyumba.

Mke wangu amefua mapazia ya chumba cha wageni. Yalikuwa safi! Miaka kumi na moja hajakaa na mama yake zaidi ya siku tatu. Nimemsikia akipiga pasi huku anaimba, mtu ambaye pasi humnunisha. Nimeapa: mama atakaa hapa.

Nami nina langu. Siku ya posa, mama mkwe alisema kijana huyu ana maneno mengi. Mwanyumba alikuwepo. Bado anacheka.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata dawa ya tatizo. Ipo mashine inayotengeneza klorini kwa chumvi. Unamwaga chumvi bwawani, kidogo tu, hata ulimi hauisikii sana. Maji yanapita kwenye chemba yenye mabamba, umeme unapita humo, chumvi inatoa klorini. Polepole, siku nzima, bila vidonge vikali. Maji laini! Macho ya mama mkwe yatashangilia.

Nikahitaji gari la kubebea. Mwanyumba ana pikapu. Alikubali haraka mno. Mpelelezi!

Dukani kulikuwa na mashine tatu. Dada wa dukani aliniuliza bwawa langu lina ukubwa gani, maana mashine huchaguliwa kwa lita, na heri izidi kidogo kuliko ipungue. Swali rahisi. Bwawa langu lina urefu wa mita saba, upana wa nne. Lita elfu thelathini na sita na ushei.

Lakini mwanyumba alikuwa amesimama begani kwangu. Na mwanyumba, tangu mwaka ule nilipolichimba, anajua ni mita tisa kwa tano. Anajua kwa sababu nilimwambia. Yeye alikuwa amenitajia la kwake, mimi ningefanyaje?

Nikasema lita elfu sitini. Nikasema kwa sauti ya mtu anayetaja umri wa mtoto wake. Dada akaandika. Nikapewa mashine kubwa, yenye taa tano, na magunia tisa ya chumvi, kila moja kilo ishirini na tano. Mwanyumba aliyahesabu wakati wa kupakia. Midomo yake niliiona.

Tulipofika nyumbani nikampa ndoo yangu ya vidonge vya klorini, yote. Nikamwambia achukue tu, sisi tumeshatoka huko. Alishukuru. Sikupenda alivyoshukuru.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamua kuifunga mwenyewe. Mabomba mawili na gundi, kuna nini hapo?

Saa nne asubuhi: nimekata bomba. Saa nne na dakika mbili: nimekumbuka kufunga koki. Chumba cha pampu kimepata bwawa lake. Viatu vya mke wangu vya kanisani vilikuwa vinakauka humo. Havikauki tena.

Ikabidi aitwe Fundi Taratibu. Ni fundi wa mabwawa, na jina hilo amepewa kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kila afikapo mahali. Alitazama kazi yangu kwa muda mrefu. Akasema taratibu. Kisha akanieleza kwamba nilikuwa naiweka mashine kabla ya chujio, ili imeze majani na mchanga. Mahali pake ni mwisho kabisa wa safari, maji yakiwa yamekwisha kuchujwa, yanaporudi bwawani. Na ule mshale ubavuni si pambo. Unaonyesha maji yaelekee wapi. Wangu ulikuwa unaelekea kwa jirani.

Alifunga yote kwa saa mbili, halikuvuja tone. Nikamwomba kisanduku cha taa akitundike nje, karibu na kiti atakachokalia mama mkwe, aione taa ya kijani. Alikataa. Jua litakiua. Kimebaki ndani ya mlango, lakini mlango ukiwa wazi kinaonekana. Nimeupima mlango huo mara sita.

Kabla ya kuondoka alitazama magunia, akatazama bwawa, akatazama magunia tena. Akauliza kama kweli hilo ni la lita elfu sitini. Nikamwambia linadanganya macho, limekwenda chini. Akasema sawa, bwawa ni la mwenyewe. Ila nisimwage yote. Nimwage matano, pampu izunguke siku nzima mashine ikiwa imezimwa, nipime, ndipo niongeze. Kuongeza chumvi ni dakika tano, alisema, kuipunguza ni balaa. Nikamwambia nimesikia.

Nilisikia kweli.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemwaga matano. Kama nilivyoagizwa! Nikasugua chini kwa brashi mpaka chembe zikapotea. Nikajisikia mtu mzima.

Saa sita mwanyumba akapiga simu. Anapita kesho kuona maendeleo. Nikageuka, nikayaona yale magunia manne yamekaa ukutani, yamenona, hayajaguswa. Bwawa la lita elfu sitini halibakizi magunia manne. Mtu aliyeyahesabu tisa atayahesabu manne.

Nilifikiria kuyaficha stoo. Stoo kuna viatu vya kanisani, na mwenye viatu huja kuvikagua kila saa. Nilifikiria chini ya kitanda cha wageni. Mke wangu alikuwa amelala kifudifudi anapiga deki huko huko.

Nimeyamwaga yote. Tisa. Magunia matupu nimeyatandaza kwenye ukuta, yahesabike vizuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewasha mashine. Taa zote tano zimewaka kwa pamoja, nzuri sana, kisha nne zikazimika ikabaki moja. Nyekundu.

Kijitabu cha maelekezo kinasema taa hiyo maana yake chumvi imepita kiasi, na mashine imejizima ili isijiharibu. Nimeizima, nimeiwasha. Nimeipigapiga. Nimeipepea. Nyekundu.

Mwanyumba anakuja saa kumi. Nikatafuta peremende ya karatasi ya kijani, nikaila, nikabandika karatasi juu ya taa. Jambo ambalo sikulijua, na shuleni hawakulisema: taa nyekundu ndani ya karatasi ya kijani haiwi kijani. Inakuwa rangi ya matope.

Mwanyumba aliinama akaitazama. Akauliza kama mashine inaumwa tumbo. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi ya kupumzika. Akachovya kidole bwawani, akalamba, akatikisa kichwa kama aliyelamba mchuzi wa mpishi mchanga. Akahesabu magunia. Tisa! Angalau hilo.

Tangu Jumatatu bwawa halijapata klorini hata chembe. Ndoo ya vidonge iko kwa mwanyumba. Kuiomba? Afadhali niogelee kwenye ndoo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Maji yamekuwa ya kijani.

Mke wangu aliyaona saa moja asubuhi akiwa na shuka mpya mkononi, za mama. Hakufoka. Angefoka ningejitetea. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama amwambie mama ashukie kwa dada yake. Nikampigia Fundi Taratibu, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyemwambia afanye haraka.

Alipima chumvi. Karibu mara mbili ya inayotakiwa. Hakuuliza nilimwaga magunia mangapi, yalikuwa yametandazwa ukutani. Dawa ni moja: maji karibu nusu yatolewe, maji mapya yaingie. Akatoa futi kamba mfukoni. Nikamwambia haina haja. Akasema safari hii anataka lita za kweli, bwawa litaje lenyewe. Akapima huku namshikia ncha ya pili.

Saa saba nilikuwa nimesimama ndani ya bwawa, suruali imekunjwa magotini, nasugua kuta kwa ufagio, maji yamebaki kiunoni, na ile futi kamba bado imetandazwa ukingoni. Hapo ndipo pikapu ilipoingia. Mwanyumba. Na pembeni yake, siku moja kabla ya miadi, mama mkwe! Alikuwa amepata lifti ya mapema, akampigia yeye.

Nikasema shikamoo mama nikiwa shimoni. Akaitikia marahaba, akaegemea fimbo yake, akauliza kuna nini.

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Kisha nikamwona mke wangu mlangoni, kashika tena zile shuka. Nikasema, mama, bwawa hili ni mita saba kwa nne. Nilisema tisa kwa tano. Nimetia chumvi ya tisa kwa tano.

Mwanyumba akasogea ukingoni asikie vizuri.

Mama mkwe akacheka mpaka mwanyumba ikabidi amshike kiwiko. Akasema chumvi nilianza kuitia zamani, hii ya magunia ni ya juzi tu. Bwawa alilipima kwa hatua miaka mitatu iliyopita, alipokuja kutusalimia. Hatua tano za upana. Na ndiyo sababu alitaka kuanzia hapa: akiachia ukingo mmoja, ukingo wa pili uko pale pale. La mwanyumba linamtisha, goti likimshinda katikati atashika nini? Kilichobaki ni maji yenyewe. Akasema anasubiri mpaka Jumapili. Yakimchoma, ataenda kuoga na hofu yake kwenye lile kubwa.

Mwanyumba aliiokota futi kamba, akaikunja taratibu sana. Akasema saba. Akaenda zake akirudia saba, saba, kama mtu anayejifunza kuhesabu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpira wangu wa maji unajaza kwa kasi ya birika la chai. Saa tatu mwanyumba akaja. Nilijiandaa kwa dhihaka. Akashusha mpira wake mrefu, akauunganisha kwenye bomba la jikoni, akakaa kwenye kiti cha mama mkwe. Tulitazama maji yakipanda. Alisema mara nne tu kwamba linajaa haraka kwa bwawa la elfu sitini. Nilistahili nane.

Alileta na ndoo yangu ya vidonge. Hajaifungua. Fundi akatumia kidogo tu, kuyaamsha maji, mashine iendelee yenyewe. Akapima chumvi. Akapima tena. Akawasha.

Taa ya kijani! Ya kweli, bila peremende! Fundi akasema mashine kubwa kuliko bwawa si hasara, haitajichosha, itadumu. Katika makosa yangu yote, alisema, hilo ndilo pekee lenye faida. Nimemwomba arudie mbele ya mke wangu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Maji kama kioo. Mama mkwe alishuka ngazi saa nne, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine mkononi mwa mke wangu. Akasimama. Akanawa uso. Tukangoja. Nafikiri hata pampu ilingoja.

Akafumbua macho. Hayakuwa mekundu. Akasema fungueni sanduku langu, nguo zitajikunja.

Walitembea majini ukingo hadi ukingo, nusu saa, mama na bintiye, wakicheka mambo ya kabla yangu. Mke wangu alilia kidogo akasingizia maji. Nikamwambia maji haya hayachomi, nimegharamia! Akanirushia mkono mzima wa maji usoni. Sijawahi kufurahi hivi kwa kuloweshwa. Nimeamua kuanzia leo nitasema kweli tupu, hasa ya vipimo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama mkwe analalamika kidogo tu: asubuhi maji ni ya baridi. Fundi Taratibu anasema dawa ni kifuniko cha kutandaza juu ya maji usiku. Hukatwa kwa kipimo kiwandani, kikishakatwa hakirudishwi.

Nimepiga simu kuagiza. Aliyepokea ni mama mmoja mwenye sauti ya heshima sana. Akauliza urefu. Nikafungua mdomo niseme saba. Akaongeza kwamba wateja wake wengi wana mabwawa makubwa, je, langu ni katika yale madogo?

Kinakuja Jumatano. Mita tisa kwa tano.