Konokono Mwenye Tai Aliyeleta Lori la Lami

"Eti 'Jiji lachukua hatua za haraka'!" Breki alilipiga gazeti kofi, kahawa yake ikamwagika mezani. "Haraka gani? Miaka mitatu!"

Breki ni Odell, fundi mstaafu wa mabasi. Sisi wateja wa kila asubuhi wa mgahawa wa Lurleen, hapa Baltimore, lile shimo la barabarani mbele ya mlango tulilijua kuliko wajukuu wetu. Lurleen mwenyewe lilimvunja mkono majira ya baridi.

"Nimepiga simu mara kumi na moja," Lurleen akasema. "Kila mara: tumepokea malalamiko yako, mama."

"Jana ndo wamepokea kweli," akadakia Domo, kinyozi wa jirani.

Jana ilikuwa siku ya mashindano ya sanamu zinazoendeshwa barabarani kwa pedali. Verna, mchomeleaji wetu, alitoka na konokono wa bati mkubwa kama lori, kavaa tai kama bosi wa ofisi. Watu wanne walikanyaga pedali tumboni mwake. Magurudumu yakizunguka, mkono wake wa bati unapanda, unashuka na mhuri: NJOO KESHO! Mtaa mzima mbavu hatuna. Kufika hapa mlangoni, kwaa! Konokono katumbukiza gurudumu la mbele shimoni, shingo chini, mhuri bado unagonga lami. Nyuma msafara wote umekwama, gari la wakubwa wa jiji limo humo humo, na kamera za televisheni zinamulika.

Dakika arobaini tu, lori la lami hilo hapo, shimo likazibwa.

"Verna, binti yangu, sema kweli," Breki akamkazia macho. "Ulikosea njia?"

"Mimi, mzee? Usukani uligoma."

"Si uliutengeneza mwenyewe!"

"Ndiyo maana naujua kwa ukaidi."

Tukaangua kicheko. Lurleen hakucheka. Alimmiminia Verna kahawa kwa mkono ule ulioungika vibaya.

"Shingo yake imekatika, mwanangu. Kazi ya miezi minane."

"Bati linachomelewa, mama," Verna akajibu, akiutazama ule mkono. "Mfupa ndo shughuli."

Domo akamsogezea Verna sukari.

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja wa mtaa wa pili, viatu vinachuruzika maji.

"Mwenye konokono ni nani? Kwetu bomba limepasuka tangu Krismasi." Akashusha pumzi. "Anajua kuogelea?"