Farasi Mia Tatu na Wanane wa Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametangaza vita. Lori la Mjomba lina muda hadi Jumamosi. Likipata kazi, salama. Lisipopata, anakuja mtu wa vyuma chakavu na mnyororo wake. Miezi saba limekaa uani. Mama anaanika shuka kwenye boneti, na kuku mmoja ametaga ndani ya kebini. Kuku simlaumu. Kiti ni laini.

Mimi ndiye niliyemshikia Mjomba tochi alipokuwa anaibadilisha injini itumie gesi ya mitungi badala ya petroli. Alichonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Akafunga eksozi, bomba la moshi, nene kama paja. Anasema sasa ina nguvu za farasi mia tatu. Fundi Grisi, mwenye gereji ng'ambo ya barabara, anasema hilo si lori, ni jiko la gesi lenye matairi. Alisema kwa sauti, wateja wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini masikio yalimwiva.

Naandika hapa tu, asijue mtu: nalipenda lile lori. Ndimo ninamosomea. Halijawahi kuniuliza kwa nini siongei.

Jumanne, 4 Juni

Tumaini! Msimamizi wa machimbo ya mawe anatafuta lori la kupandisha tangi la maji kilimani. Anataka karatasi ya nguvu za farasi, ziwe zimepimwa, si za kusimuliwa. Mjomba akanigeukia. Akasema, mjomba, si wewe unayesoma fizikia kwa lugha mbili? Nilitaka kumwambia kwamba nilipata arobaini na moja katika zote mbili.  Badala yake nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hiki!

Mpango wangu ni mwepesi. Uzito wa lori kwa kilo, mara mvuto wa dunia, mara kimo cha mlima, gawanya kwa sekunde. Halafu gawanya tena kwa 746, farasi hao wanatoka. Kimo nimeshakipata. Kando ya barabara ya mlimani kuna ngazi za saruji: vidato 250, kila kimoja sentimita 16. Mita arobaini kamili. Nilipofika cha 180 mtu alinisalimia, nikasahau hesabu. Nikashuka kuanza upya.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio! Kibao cha mlangoni kinasema bodi ikijaa hadi mstari mwekundu, lori zima lina uzito wa 17,600. Jirani anayejenga akatuazima mchanga, tukaujaza mpaka mstarini. Mjomba kwenye usukani, mimi na saa ya simu. Mama naye akapanda. Alisema haziamini breki, na kama tunakufa, tufe wote. Kuku akakataa kushuka.

Sekunde thelathini! Mama alipiga kelele zote thelathini.

Nikapiga hesabu mara mbili. Farasi 308! Mjomba alinibeba begani uani mzima, mimi na miaka yangu kumi na sita. Akachora 308 mlangoni kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko namba ya gari. Mimi nikaandika cheti kwa lugha zote mbili, kusiwe na ubishi.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Msimamizi alikisoma cheti, akavua miwani. Akauliza injini ni ya umri gani. Mjomba akamwambia. Yule mama msimamizi akasema injini kama hiyo ilipotoka kiwandani, tena kwa petroli, ilikuwa na mia na hamsini. Gesi kwa kawaida huipunguzia kidogo. Hata ukiichonga vipi, haiwezi kuzaa farasi wengine mia na hamsini. Akasema alihitaji mia na ishirini tu. Mia na ishirini! Lakini tangi lake hampi mtu wa kumdanganya. Kikombe chake cha chai akakitua juu ya cheti changu.

Mjomba akamjibu kwamba mpwa wake hakosei. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze.

Kufika mchana Fundi Grisi alishapata habari. Amepita uani kuuliza kama farasi wameshakula majani.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda kulia kwenye kebini. Kuku alikuwa amekichafua kibao. Nikakifuta kwa sketi ya shule. Baada ya 17,600 kulikuwa na herufi mbili ndogo: lb.

Ratili! Siyo kilo! Na kilo moja ni ratili mbili na kidogo!

Nikagawanya kwa 2.2. Farasi 140. Zinatosha! Zilitosha tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeziharibu!

Nilimwambia Mjomba akiwa ameinama ndani ya boneti, ili asinitazame. Akaweka spana chini. Nikajua nimemvunja moyo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: mia na arobaini, kweli? Kwa injini kuukuu? Kwa gesi? Akatoka na uso umejaa oili, anacheka peke yake. Kumbe mia tatu alikuwa anasema tu, hata mwenyewe hakuziamini.

Nikamwandikia msimamizi barua. Nimelipita geti la machimbo mara tatu. Mara ya nne nikamtupia barua mapajani, nikakimbia. Ndala moja imebaki huko.

Jumamosi, 8 Juni

Mtu wa vyuma chakavu alifika saa tatu na mnyororo. Msimamizi alifika saa tatu na dakika tano, na ndala yangu.

Mama, yeye yule wa vita, akamwambia mtu wa vyuma akae kwanza, asiwe na haraka, chai inachemka. Akaiacha ichemke mpaka ikakauka. Sisi tukaenda mlimani na tangi limejaa maji.

Lori lilikohoa mara moja pale kwenye kona. Mjomba akaliomba kama mtu anayembembeleza mtoto kula. Likapanda! Lote! Na tangi!

Kazi tumepata. Msimamizi akasema karatasi yangu ya pili ameibandika ukutani. Nikajificha nyuma ya mitungi ya gesi. Mama sasa analalamika kwamba hana pa kuanika shuka.

Ile 308 Mjomba hataki ifutwe. Anasema ni kumbukumbu.

Jumapili, 9 Juni

Siamini! Fundi Grisi amekuja, kofia mkononi. Naye anataka kuombea lori lake kazi machimboni. Ameniita injinia!

Mlima uleule, mchanga uleule, mita arobaini, sekunde arobaini. Kibao chake kinasema 6,600. Sasa mimi si wa juzi, vibao navijua. Nikagawanya kwa 2.2 palepale. Kuna herufi mbili zimezibwa na grisi, ya kwanza inafanana na k. Mjomba akasema niifute hiyo grisi. Nikamwambia haina haja, nimeshajifunza.

Farasi 39! Nimemwandikia cheti kwa lugha zote mbili, 39 kwa wino mwekundu, na kimoja nimekipeleka moja kwa moja kwa msimamizi.

Namwona Fundi Grisi anavuka barabara, karatasi mkononi, anakaribia kukimbia. Bila shaka anakuja kushukuru. Shukrani huwa zinanitia haya, ndiyo maana naandikia huku chini ya lori.